Pumzi za Haraka Kabla ya Kuzama

Igoma, Ijumaa mchana

Mwanangu Kabula,

Sikuulizi hali, maana nakusikia. Upo uani na mama yako, anakusuka, unalalamika kwamba anavuta sana, naye anakujibu kwamba nywele za mtu wa majini lazima zibane. Umeme umekatika tangu saa sita na mashine ya kuchomelea imelala. Mimi niko huku karakana, mbele ya nyumba, nimekalia geti la mtu ambalo lilitakiwa kuwa tayari jana, naandika kwenye daftari la vipimo. Ukikuta namba za madirisha katikati ya maneno, ziruke.

Mimi si mtu wa barua. Ya mwisho kutoka mikononi mwangu ilikuwa ya posa, kwenda kwa akina mama yako, na hata hiyo aliniandikia katekista kwa kuogopa kwamba mwandiko wangu ungewafanya wakatae. Kwa hiyo usitegemee maneno yaliyopangika. Sitakuambia ule vizuri wala ujifunike, hayo mama yako ameshayasema mara nne tangu asubuhi na kesho kituoni ataanza upya. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba tangu wewe ukiwa unatambaa, na nimechoka nalo, Kabula, nimechoka kweli. Nisipolitua leo, kesho utaondoka na wewe umelibeba bila kujua.

Linaanzia Jumapili iliyopita, kule Kayenze kwa bibi yako.

Bibi alikuwa ametenga ugali na sato, ukakataa kula. Ukamwambia, "Nitakula nikitoka majini, bibi. Si unajua habari ya baba mdogo?" Bibi yako akaridhika kabisa, akafunika chakula, akanitazama kama mtu anayesema, unaona mtoto anayesikia. Ukashuka ziwani na wale wenzako wawili wa chuo cha uvuvi. Unajua mimi siendi kwenye maji. Siku zote nimewaambia kwamba shombo ya samaki inaniumiza kichwa. Lakini siku ile nilikufuata mpaka pale majani yanapoishia, kwa sababu nilijua unakwenda kufanya kazi ya vizimba vya samaki na nilitaka nikuone mara moja ukizama.

Ulisimama maji yakiwa kiunoni, ukaweka mikono magotini, ukaanza kupumua harakaharaka. Fuu, fuu, fuu, kama mtu anayepuliza moto. Nilianza kuhesabu bila kutaka. Ulipofika thelathini ulijinyoosha, ukakung'uta vidole, ukacheka, ukawaambia wenzako, "Vinawasha. Tayari." Ukazama.

Wenzako walikupima kwa simu. Ulipoibuka walikupigia makofi, na wewe ukanitafuta kwa macho.

"Baba, umeona?"

"Nimeona. Umekaa sana chini."

"Ningeweza bado. Hata haja ya kupumua sikuisikia."

Nikakuambia twende tukale. Nakumbuka ulinitazama ukisubiri nikusifu, na mimi nikageuka nikatangulia. Sikuwa nimekasirika. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi na sikutaka uvione. Mtu wa mwisho kuniambia kwamba hakusikia haja ya kupumua alikuwa baba yako mdogo, Masanja, siku mbili kabla hajafa.

Habari ya Masanja unaijua kama bibi yako anavyoisimulia. Alikuwa mdogo wangu, alikuwa mpiga mbizi hodari, asubuhi moja mke wake Veronika alimshindilia ugali, akaingia majini na tumbo limejaa, tumbo likamkaba, akafa. Ndivyo ulivyokua ukisikia. Ndiyo maana hujawahi kutia mguu ziwani ukiwa umekula. Mimi nimekaa kwenye hiyo hadithi kila ilipotolewa, nimekunywa nayo chai, sijawahi kusahihisha hata neno moja.

Si kweli. Masanja alikufa kwa kitu nilichomfundisha mimi.

Sikiliza ilivyokuwa. Kazi yetu ujanani ilikuwa kunasua nyavu. Chini ya maji upande ule kumejaa mawe kama haya unayoyaona juu ya vilima vyetu, na wavu ukinasa jiweni huukati, unauzamia. Wakati mwingine tuliitwa kutafuta nanga, au kitu kilichoanguka kutoka mtumbwini. Hatukuwa na mitungi ya hewa wala miwani ya maana. Tulikuwa na vifua vyetu tu, na wavuvi wote wa mwalo ule walijua kwamba mimi nakaa chini kuliko wote. Nilikuwa na majivuno, mama, majivuno ya kijana ambaye hana kitu kingine cha kujivunia.

Siri yangu niliipata jikoni. Asubuhi moja ya mvua kuni zilikuwa mbichi, nikapuliza moto mpaka kichwa kikazunguka, midomo ikachezacheza na vidole vikawasha. Nikaitwa mtumbwini hivyohivyo. Nilipozama nilishangaa. Ile kiu ya hewa, ile inayokukaba na kukusukuma upande juu, haikuja. Nilinasua wavu wote taratibu kama mtu anayechambua mboga. Tangu siku hiyo, kabla ya kuzama, nilipuliza na kuvuta harakaharaka mpaka vidole viwashe. Nikaipa jina, kujaza. Niliamini kifua changu ni pipa na kwamba nalijaza hewa, na kwamba kuwasha kwa vidole ni dalili limejaa mpaka pomoni.

Masanja alinizidi mwili, mimi nikamzidi maneno. Alinisumbua nimfundishe, nikamringia kwa muda, mwisho nikamfundisha. Nilimpa na sheria kabisa, mimi mwalimu wa kujiteua. Usiache mpaka vidole viwashe. Usiogope kizunguzungu, ndiyo pumzi inakaa mahali pake. Aliishika haraka. Siku moja alitoka majini amefurahi, akaniambia, "Kaka, haja siisikii hata kidogo. Maji yamekuwa kama kitanda." Nikamsifu.

Siku mbili baadaye mtu mmoja aliangusha injini ya mtumbwi, si mbali na ufukwe, tukaitwa. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, jua zuri, maji yametulia. Masanja alitoka kwake amekula, akanitania kwamba mke wake anampikia mtu kama ng'ombe wa kulimia. Tukafika mahali. Akakaa ukingoni mwa mtumbwi na kamba ya kufungia injini mkononi, akaanza kujaza. Alipofika kiasi chake akaacha.

Mimi nikamwambia, "Ongeza. Injini ni nzito, utahitaji muda."

Akaongeza. Akanikonyeza, akazama.

Nilibaki nimeshika kamba, nahesabu. Sasa hapa ndipo palipo pagumu kwangu kuandika. Hesabu ilipita kiasi chake cha kila siku na mimi nikafurahi. Nilitabasamu peke yangu mtumbwini. Ilipita kiasi changu mimi, nikasema moyoni, huyu leo kanivunja, tutawasimulia. Kamba ilikuwa imetulia. Maji yalikuwa yametulia. Hapakuwa na povu, hapakuwa na mtu anayepigapiga mikono, na mimi nilikuwa najua, kama watu wote wanavyojua, kwamba mtu anayezama anahangaika. Masanja hakuhangaika. Nilipoanza kuogopa nilikuwa nimeshachelewa kwa ile furaha yangu. Nilizama nikamkuta amelala ubavu kwenye mchanga, karibu na injini, kamba mkononi, uso wake hauna shida yoyote. Alikuwa kama amepitiwa na usingizi.

Nilimtoa, watu wakaja, tukamkamua maji, tukampuliza, tukambeba, hakuamka.

Msibani bibi yako alikuwa kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Alimwuliza kila mtu. Mwisho akamwita Veronika, mbele ya wanawake wote, mimi nikiwa pale mlangoni.

"Alikula nini mwanangu?"

"Ugali na dagaa, mama."

"Kiasi gani?"

Veronika alikuwa mtu asiyejua kusema uongo, hata wa kumfaa. Akasema, "Alikula, akataka kunawa, nikamwambia aongeze kwa sababu jana yake alishinda njaa. Nikamwongeza."

Bibi yako akajipiga kofi magotini. "Unamshindilia mtu anayekwenda majini?"

Basi ikawa imekwisha. Kilio kilipata mtu wa kukibeba. Hakuna aliyemfukuza Veronika, sisi si watu wa kufukuza, lakini hakuna aliyemwita kula tena. Alimaliza matanga, akakaa wiki chache akiteka maji peke yake, kisha akafunga kanga zake na kurudi kwao Usagara. Alikuwa hajapata mtoto. Nilimsindikiza mpaka barabarani nimebeba begi lake. Aliniuliza, "Shemeji, ni kweli ni ule ugali?" Nikamwambia, "Wakubwa wanasema hivyo."

Wakati huo, nakuapia, sikujua ni nini hasa kilimwua Masanja. Lakini nilijua kwamba nilitabasamu. Nilijua pia kwamba mimi nilimwambia aongeze. Hayo mawili yangemtosha mtu mzima kufungua mdomo, na mimi niliufunga. Baada ya hapo sikuingia ziwani tena. Nikaja mjini, nikajifunza kuchomelea, nikaanza kazi ya mageti.

Veronika anauza chakula pale njia panda ya Usagara. Dereva mmoja wa lori aliyeniletea vyuma aliwahi kumsema bila kujua ninamjua. "Kuna mama pale anapika vizuri sana," akaniambia, "ila ana kasoro moja. Ukimwomba akuongeze ugali, kwanza anakuuliza unakwenda wapi." Yule dereva alicheka, nikacheka naye. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama.

Hapo ndipo ile shida yangu ilipoanza, ambayo mama yako aliwaambia ninyi ni presha. Si presha. Nilikuwa nashikwa ghafla, nikiona maji mengi au nikisikia jina la Masanja, kifua kinaanza kwenda mbio, midomo inachezacheza, vidole vinawasha kisha vinakufa ganzi. Nilidhani moyo. Nikaenda zahanati moja huko Nyamagana, mganga akanipima kila kitu, akaniambia moyo ni mzima. Akanieleza, "Mzee, hofu inakufanya uheme kuliko mwili unavyotaka. Unaitoa yote ile hewa ya kutoka, na mwili unataka kiasi chake ibaki. Ndiyo maana vidole vinawasha. Ukishikwa, pumua polepole." Nikasema asante. Nilifika mpaka stendi ndipo nikasimama. Vidole vinawasha. Ndiyo dalili yangu ya pipa kujaa. Kumbe ilikuwa dalili ya kumwaga. Lakini nilikuwa sijaelewa bado, nilikuwa na nusu tu ya habari.

Nusu nyingine uliniletea wewe.

Ulikuwa kidato cha tatu. Ulikaa hapa hapa karakana baada ya shule, umeegemea mtungi, unajisomea baiolojia kwa Kiingereza na kunigeuzia kwa Kiswahili, kwa sababu ulisema ukimfundisha mtu haisahauliki. Nilipenda sana zile jioni. Sijawahi kukuambia, nakuambia leo.

Ukaniuliza, "Baba, mtu akipanda mawe ya Mabatini na ndoo kichwani anahema kwa nini?"

"Kwa sababu hewa imemwishia."

"Umekosa. Kwa sababu ile aliyokwisha kuitumia imemzidi. Kabonidayoksaidi." Ulilitamka kwa mbwembwe. "Mwili ukifanya kazi unaitengeneza nyingi, inaingia kwenye damu, damu inafika kwenye ubongo, huku nyuma chini karibu na shingo. Ubongo ukionja tu imepanda, unaamuru kifua kiende haraka kuitoa. Ikishuka, kifua kinapoa."

"Na oksijeni?"

"Nayo inaangaliwa, ila mpaka ishuke sana ndipo mwili ushtuke. Anayepiga kelele wa kwanza ni kabonidayoksaidi."

Nikaweka chini nilichokuwa nimeshika. Nikakuuliza, na sauti yangu nilijitahidi iwe ya kawaida, "Sasa mtu akipumua harakaharaka kwanza, kabla ya kuzama?"

Ulitafuna kalamu. "Anaitoa yote. Basi inachukua muda mrefu mpaka ijae tena. Atakaa chini wala hasikii haja ya kupumua." Ukainua uso, macho yanang'aa kwa kugundua. "Baba, huo ni ujanja mzuri."

Nikakufokea. Unakumbuka nilivyokufokea? Nilikuambia vitabu vinakufundisha ujuaji, nikakunyang'anya kitabu, nikakutuma ukafue sare ambazo zilikuwa safi. Ulilia, na tangu siku hiyo hukuja tena kusomea karakana. Mama yako aliniuliza mtoto amefanya nini, nikasema amejibu vibaya. Ulikuwa umejibu vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kunijibu.

Samahani, mwanangu. Imechelewa miaka mingi, lakini naiomba.

Na kosa kubwa zaidi si kukuliza. Kosa kubwa ni kwamba nilikukatiza nusu ya somo. Ulibaki na ule ujanja mzuri, na mimi ndiye niliyekuonyesha mlango wake kwa swali langu. Kama ningekuvumilia nusu dakika ungefika mwisho mwenyewe, maana una akili. Wewe hukufika, nikafika mimi, siku ile ile, nikiwa nachomelea bawaba na siioni.

Mwisho wa somo ni huu. Kupumua harakaharaka kunaitoa ile kabonidayoksaidi, lakini oksijeni hakuongezi cha maana, kwa sababu damu ya mtu mzima imeshaibeba karibu yote inayoweza kuibeba. Kwa hiyo chini ya maji oksijeni inakwisha kwa mwendo wake ule ule. Kilichobadilika ni kwamba yule wa kupiga kelele umemtoa nje. Ni kama kumfungia mbwa chumbani halafu unalala kwa amani kwa sababu hujasikia akibweka. Hewa ya kuishi inafika chini kabisa, na mwili haujakuambia panda. Hakuna maumivu, hakuna kukabwa, hakuna kupigapiga mikono. Taa inazimika kichwani tu. Ndivyo Masanja alivyokwenda. Hakuhangaika kwa sababu nilimfundisha jinsi ya kutohangaika.

Sasa unaelewa kwa nini Jumapili nilikimbia makofi yako. Ulikataa ugali wa bibi ambao usingekudhuru, ukaenda kufanya mbele ya macho yangu kitu kile kile kilichomwua baba yako mdogo. Uongo wangu ulikulinda na sahani. Kwenye hatari yenyewe ulikuacha uingie mzimamzima.

Nimekusikia ukimweleza mama yako habari za kazi. Vizimba viko mbali kidogo na ufukwe, mitungi ni michache, na kwa ukaguzi wa haraka, kutazama wavu kama umetoboka au kutoa samaki waliokufa, watu wanazama kwa pumzi zao. Umesema wanaume wa pale wanashindana kukaa chini na kwamba utawanyoosha wiki ya kwanza. Nilicheka niliposikia, nakujua. Kisha nikaacha kucheka.

Sikuzuii kwenda. Kazi umeisomea, unaipenda, na sina haki ya kukunyima ziwa eti kwa sababu mimi lilinishinda. Naomba tu usijaze. Vuta pumzi mbili za kawaida, kwa utulivu, kisha zama, na ile kiu ikija, panda. Ikija mapema, panda mapema. Utakuwa umekaa chini muda mfupi kuliko wenzako, watakucheka, na wewe unavyochukia kuchekwa nakuhurumia. Itakuuma mara ya kwanza na ya pili. Ile kiu niliiona adui ujana wangu wote, nikatafuta njia ya kuinyamazisha, nikaipata. Ninajua sasa ndiyo iliyokuwa ikinirudisha nyumbani kila siku.

Na usizame hata mara moja bila mtu juu anayekutazama. Mchague mwenyewe. Asiwe anayekusifu, Kabula. Mtu anayekusifu atahesabu kwa furaha. Mchague mwoga, mwenye maneno mengi, ambaye ukichelewa kidogo ataanza kupiga kelele na kukuaibisha mbele ya watu, na ukishatoka aendelee kukutazama mpaka akuone umeshiba hewa na unamtukana. Mimi ningefaa sasa. Wakati ule nilikuwa hodari mno.

Wale wengine ukiwaona wanapumua harakaharaka kabla ya kuzama, waambie. Najua utaona haya, wewe mgeni na tena binti, kuwafundisha watu wazima kazi yao. Waambie hivyohivyo. Ukikosa cha kuanzia, anza na jina la Masanja, na ukifika mahali pangu usinifiche.

Mama yako nimemwambia leo asubuhi, ulipokuwa umekwenda sokoni. Alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza, mpaka lile tabasamu. Nilitegemea alie, au aniulize miaka yote hii alikuwa analala na mtu gani. Hakufanya hivyo. Alichambua punje nyingine kadhaa, kisha akauliza jambo moja tu.

"Na Veronika anajua?"

Nikasema hajui.

Akasukuma ungo pembeni. "Basi mimi unaniambia ya nini?"

Nikarudi huku karakana. Nimekaa na swali lake tangu asubuhi hiyo, na geti la watu halijaisha, na umeme hata ukirudi sidhani kama litaisha leo. Nilikuwa nimepanga nikuandikie wewe tu, upone, na mengine yabaki yalivyozikwa. Nimechoka kiasi kwamba hilo lilionekana linatosha. Halitoshi. Keshokutwa Jumapili nitakwenda Kayenze kumweleza bibi yako, na sijui kama atanitazama tena kama anavyonitazama. Ni mzee, na nitamnyang'anya jibu alilolilalia miaka yote. Lakini yeye atakuwa wa mwisho. Kuna mtu anayetangulia.

Kesho nitapanda basi na wewe. Tiketi yako inakwenda hadi mwisho wa safari, yangu inaishia Usagara. Nitakuambia nakusindikiza kidogo tu, na utanitania kwamba baba ameanza kuzeeka. Basi likifika njia panda, kabla halijakunja kuelekea kwenye daraja la kuvukia ziwa, nitakupa bahasha hii na nitashuka. Kwa hiyo ukisoma hapa mimi sipo tena pembeni yako. Usishuke kunifuata, na usinipigie simu mpaka jioni. Nikishikwa na ile shida yangu ya vidole nitasimama kando ya barabara, nipumue polepole mpaka ipite, kisha nitaendelea.

Itakuwa asubuhi bado, atakuwa anapanga sufuria. Sijui kama atanifahamu haraka, nimeota mvi na yeye hajaniona tangu siku nilipombebea begi. Akinipa kiti nitakaa, asiponipa nitasema nikiwa nimesimama, mbele ya wateja wake, kwa sababu na yeye alihukumiwa mbele ya watu. Nitamwambia kwamba siku ile Masanja aliambiwa aongeze mara mbili, mara ya kwanza na yeye nyumbani, mara ya pili na mimi mtumbwini, na kwamba ugali wake haukumdhuru.

Baba yako,
Lugola